Vigingi Vyekundu vya Mjomba Limbu

Jumanne, 11 Januari 1994

Mganga wa zahanati ameniambia niandike siku homa inapokuja na siku inapoondoka, ili akiujua mwendo wake ajue na dawa ya kunipa. Nimenunua daftari la kurasa arobaini na nane. Homa imekuja leo asubuhi, nimetetemeka mpaka saa nane mchana, sasa imeniacha. Naona kurasa ni nyingi kuliko homa, kwa hiyo nitaandika na mengine.

Jina langu Shija. Kwetu ni Maswa. Nilisoma mpaka darasa la tano, baba akafa, nikarudi kwenye ng'ombe. Huku Ufipa nilikuja miaka minne iliyopita, tukiswaga ng'ombe wa mjomba wangu Limbu, kaka yake mama, kupitia Tabora na Mpanda. Walikuwa sitini na mbili. Ndigana imewamaliza, wamebaki kumi na mmoja. Ng'ombe kumi na mmoja hawahitaji wanaume wawili, ndiyo maana mimi nalima vibarua kwa Wafipa. Mwaka huu niko kwa Mzee Leonardi, upande wa Mwazye. Nalala kwake, nakula kwake. Jumapili naenda kwa mjomba, ukingoni mwa kijiji hiki hiki, mwendo wa saa tatu kwa mguu.

Alhamisi, 13 Januari

Mvua. Hakuna kazi.

Jumapili, 16 Januari

Kwa mjomba. Nimemkuta kwenye kigoda mlangoni, mguu mbaya ameunyoosha juani. Mkewe, mama yetu Bertha, alikufa mwaka wa pili baada ya kufika, tukamzika nyuma ya zizi kama ilivyo kwetu. Tangu hapo mjomba ana swali moja. Leo kaliuliza tena.

"Shija, wakitufukuza huku, yule nitamwacha na nani?"

Nikamwambia hakuna anayetufukuza. Akasema hata kule tulikotoka hakuna aliyefukuzwa, watu walisogezwa tu.

Ijumaa, 21 Januari

Homa hakuna. Mgongo ndio unaouma.

Wafipa wana kilimo ambacho sijakiona kwingine. Unaparua nyasi mbichi kwa jembe, unazirundika, kisha unazifunika kwa udongo mpaka linakuwa tuta la mviringo kubwa kama sufuria ya harusi iliyopinduliwa. Wanaliita ntumba. Nyasi zinaoza ndani, juu unapanda maharage. Mvua za mwaka unaofuata unalivunja, unasambaza mbolea ile, unapanda ulezi. Nimelima matuta kumi na tisa leo. Mzee Leonardi ana miaka sitini na kitu, amelima ishirini na sita.

Amelitazama tuta langu la mwisho akaniuliza, "Msukuma, hapa umezika nani?"

Mama Kalista, mkewe, akamjibu toka ng'ambo ya shamba, "Mwache, kamzika mwenzake mvivu aliyekufa saa nne." Kisha akaniletea uji wa ulezi kabla ya mumewe. Nimeona nimwandike hapa, maana anafanya hivyo kila siku na sijawahi kumshukuru kwa mdomo.

Jumatatu, 24 Januari

Homa, lakini ya kawaida. Jioni nimekula.

Jumapili, 30 Januari

Leo ni siku njema. Kwa mjomba nimekuta mgeni, anaitwa Benjamini, na alinisalimia kwa Kisukuma. Mtu asiyekaa mbali na kwao hawezi kujua ninachosema. Mwezi mzima sikuwa nimesikia lugha yangu isipokuwa kwa mjomba, na mjomba siku hizi haongei sana. Benjamini anaongea kama redio. Anaijua njia ya Maswa, anaujua mnada, anajua hata yule kichaa aliyekuwa akicheza ngoma pale mnadani. Kamletea mjomba sukari, sabuni na nyembe.

Ni mpimaji wa ardhi. Anasema siku hizi serikali imeachia kazi nyingi kampuni za watu binafsi, mahindi, mabasi, na sasa upimaji. Kampuni yake inawapimia wafugaji maeneo ili wapate hati. Ukiwa na hati hakuna wa kukusogeza, wala kaburi lako haliguswi. Aliposema neno la kaburi mjomba akaweka kikombe chini.

Tukaenda kulipima pori lililo mashariki ya zizi, lile lenye nyasi ndefu na vichuguu vingi. Benjamini alikuwa na futi ndefu ya kamba. Mimi nilishika upande mmoja, yeye mwingine. Nilipigilia vigingi kumi na viwili vilivyopakwa rangi nyekundu, kwa mikono yangu. Niliona fahari. Nilijiona mtu wa maana kwa mara ya kwanza tangu tuvuke Tabora.

Jumatano, 2 Februari

Mvua ya mawe. Maharage ya Mzee Leonardi yamechanika majani.

Jumamosi, 5 Februari

Nimeota kwetu.

Jumapili, 13 Februari

Zizini wamo kumi. Yule mtamba mwekundu hayupo. Nilidhani amekufa.

Mjomba alitabasamu, akaniita ndani, akanionyesha karatasi yenye mhuri wa rangi ya zambarau. Mtamba ni malipo ya kuanzia. Baada ya Pasaka Benjamini atakuja na hati yenyewe, mjomba atampa wanne wengine, majike.

"Wanne, mjomba?"

"Watabaki sita. Sita wenye kwao ni wengi kuliko kumi wanaolala njiani."

Kisha akanionya nisiwaambie Wafipa wangu. Benjamini kasema wenyeji wakijua mapema watapinga, kwa hiyo ni siri mpaka hati itoke. Nikasema sawa. Lakini njiani nilikuwa natembea polepole.

Jumatano, 16 Februari

Wafipa wamepakwa majivu kanisani. Mama Kalista ametuambia Kwaresima hii Mzee ameacha pombe ya ulezi, kwa hiyo tumvumilie. Mzee kasema yeye ameacha pombe, mkewe aache maneno, tuone nani atafika Pasaka.

Ijumaa, 18 Februari

Leo Mzee Leonardi alinituma nikakate nyasi za kuezekea katika pori lililo juu ya kijito. Nilipoingia nikaona vichuguu, vya mviringo, vimekaa safu kwa safu, nyasi zimeviota. Nilisimama pale na mundu wangu. Vichuguu havikai safu.

Jioni nikamuuliza, "Mzee, lile pori la juu ni la nani?"

"Pori lipi? Lile shamba langu."

"Mbona halijalimwa?"

"Limelala. Limefanya kazi, matuta ya mwisho tumeyaacha bila kuyavunja, sasa linapumzika. Miaka mitatu, minne, halafu tunaliamsha." Akanitazama. "Ninyi wenye ng'ombe mnadhani kila penye nyasi hapana mwenyewe."

Hakusema kwa ubaya. Lakini sikula vizuri.

Jumapili, 20 Februari

Naandika kirefu kwa sababu sipati usingizi na mkono unataka kazi.

Nilipita kwanza kwenye vigingi. Ni kama nilivyoogopa. Yale matuta ni ya watu. Nilipanda juu ya moja, nikachimba kwa fimbo, udongo mweusi mlaini, na karibu yake mashina ya zamani ya maharage. Mtu aliinama pale miaka mitatu iliyopita, mgongo ukamuuma kama unavyoniuma mimi. Nilipigilia kigingi chekundu katikati ya kazi yake na kuona fahari.

Nikaenda kwa mjomba nikamwambia yote. Nilimwambia vibaya, najua sasa. Nilianza na neno "umetapeliwa."

Akauliza, "Nani?"

"Wewe, mjomba. Sisi."

"Mimi nimeswaga ng'ombe nikiwa na miaka saba. Nimeuza mnadani mbele ya Waarabu na Wahindi, hakuna aliyenipunja hata kwato. Leo nitapunjwa na mtoto wa nyumbani?"

"Hiyo karatasi nipe niisome tena."

"Wewe wa darasa la tano utamkosoa mtu mwenye mhuri?"

Niliisoma hata hivyo, mikononi mwake. Imeandikwa "kampuni ya upimaji", halafu mtaa wa Sumbawanga na namba ya nyumba. Kijiji hakitajwi, mipaka haitajwi, na jina la mjomba wameandika Rimbu. Nikamwonyesha. Akasema Benjamini aliandika akiwa amechoka.

Nikasema, "Kwa nini iwe siri? Mtu anayepewa haki yake anapewa mchana."

Hapo akasimama kwa mguu wake mbaya. Akasema nimelishwa uji wa Wafipa mpaka nimekuwa jembe lao. Akasema mimi sina mke, sina mtoto, sina kaburi katika nchi hii, ndiyo maana sijui anachokitafuta. Akasema nisirudi mpaka nipate adabu.

Mjomba ndiye aliyenilea baba alipokufa. Alinibeba begani kuvuka mto nikiwa mkubwa wa kutosha kutembea, kwa sababu tu niliogopa maji. Nimeondoka bila kula. Ng'ombe walikuwa wanarudi, nikawapisha njiani. Kumi.

Jumatatu, 21 Februari

Homa.

Jumanne, 22 Februari

Homa. Mama Kalista amekaa nami. Ananiambia naongea Kisukuma nikilala. Ameuliza Bertha ni nani.

Alhamisi, 24 Februari

Homa imeondoka. Matuta kumi na moja tu.

Jumapili, 27 Februari

Sikwenda kwa mjomba. Ni mara ya kwanza.

Jumamosi, 5 Machi

Mzee Leonardi amenituma Sumbawanga na mkewe kupeleka maharage mabichi sokoni na kuleta chumvi na dagaa wa Kabwe. Tumepata nafasi juu ya lori la mahindi. Mama Kalista alipokuwa anabishana na wanunuzi nikatoroka kutafuta ile namba ya nyumba.

Ni mgahawa wa chai. Msichana aliyekuwa akikaanga maandazi, Sharon, akaniambia, "Mambo, kaka? Chai au unamtafuta Benjamini?"

Nikamuuliza amejuaje.

"Kofia yako ya kisusuma," akasema huku anacheka, "nimekosea kutamka, samahani. Watu wenye kofia hizo ndio wanaomtafuta. Wewe wa nne. Kila mmoja anauliza ofisi, namwonyesha meza ile pale. Alikuwa anakunywa chai hapo na kuandika andika. Hata baiskeli anayotembelea ni ya baba yangu, kaazima wiki mbili, sasa mwezi wa tatu."

Nikaenda ofisi ya ardhi. Niliogopa kuingia na miguu yangu ya matope, lakini mama mmoja aliyekuwa na mafaili akanikalisha na kunisikiliza mpaka mwisho. Akasema hakuna kampuni ya jina hilo, na ardhi ya kijiji haipimwi kwa siri ya mtu mmoja. Ni mkutano wa kijiji unaokaa, majirani wanasimama mipakani, inaandikwa. Aliniita "mwanangu". Sikumuuliza jina, najilaumu.

Tulipokuwa tunarudi juu ya lori Mama Kalista akasema, "Umenipotea saa nzima. Kama ni mchumba, mlete nimwone." Nikacheka, kisha nikaona aibu, kwa sababu ni yeye ambaye sijamwambia ukweli.

Jumapili, 6 Machi

Nimekwenda kwa mjomba kumweleza ya mjini. Hakunikaribisha. Nimesema yote nikiwa nje ya boma, yeye ndani, kama mtu anayehubiria ukuta. Aliniambia mgahawa ni mahali pazuri pa kufanyia kazi, pana joto.

Jumatano, 9 Machi

Mvua.

Alhamisi, 10 Machi

Mvua. Kijito kimefurika.

Jumanne, 15 Machi

Matuta kumi na manane. Nimehesabu siku zilizobaki mpaka Pasaka. Kumi na tisa.

Ijumaa, 18 Machi

Nimemwambia Mzee Leonardi.

Tulikuwa tunapalilia, kila mtu na mstari wake. Nilianza kusema bila kumtazama, nikasema mtamba, futi, vigingi, Sumbawanga, kila kitu. Nikamwambia na mahali vigingi vilipo, mashariki ya zizi la mjomba, chini ya mti mkubwa wenye mzinga. Hapo jembe lake likasimama.

"Lile ni shamba la Wilibrodi," akasema. "Shemeji yangu. Kaka yake Mama Kalista."

Nilingoja anifukuze. Nilikuwa tayari nimeshafunga virago kichwani.

"Nani alipigilia vigingi?"

"Mimi."

Akarudi kulima. Tulimaliza mistari yote miwili. Mwisho wa shamba akakaa juu ya tuta, kitu ambacho ananikataza mimi, akasema, "Mjomba wako ukimwambia yeye mjinga, atatoa ng'ombe wote kumi kukuonyesha kuwa si mjinga. Mzee hatoki kwenye shimo kwa kuvutwa na kijana. Jumapili ya Matawi tutakwenda."

Jumapili, 27 Machi

Nataka kuandika siku hii bila kupunguza.

Tulitoka baada ya misa, wakiwa bado na matawi mkononi. Mzee, Mama Kalista na unga wa ulezi kichwani, na mimi nyuma. Nilidhani watakwenda kwanza kwa Wilibrodi kuchukua watu. Hawakwenda.

Mjomba alituona toka mbali, akaingia ndani, akatoka amevaa koti. Nilijua ameogopa. Alidhani wamekuja kumfukuza. Mzee Leonardi alivua kofia, wakaamkiana kama watu wa rika moja, akauliza kama anaweza kukaa, akakaa chini kwa sababu kigoda kilikuwa kimoja. Mjomba naye akasukuma kigoda pembeni akakaa chini.

Walizungumza mvua. Walizungumza ndigana. Mama Kalista akauliza lile kaburi nyuma ya zizi ni la nani, mjomba akamwambia, akaomba ruhusa akaenda kung'oa magugu yaliyoliota. Tulimwona toka pale, ameinama, tawi lake la mtende ameliweka chini.

Kisha Mzee Leonardi akasema, "Limbu, mimi sikuja kwa ajili ya shamba. Nimekuja kukueleza jambo langu ambalo hata mke wangu hajui."

Mama Kalista alikuwa anarudi. Akasimama.

"Mwaka wa tisini na moja alikuja mtu baada ya misa. Alikuwa ameimba na kwaya yetu, sauti nzito, nzuri. Akasema kampuni yake inaleta mashine ya kusaga, tutoe mahindi kama hisa. Nilitoa magunia kumi na mawili. Nikazunguka kwa majirani, kwa mdomo wangu huu, wakatoa na wao. Akajenga msingi. Msingi upo mpaka leo, mbuzi wanalala juu yake."

"Nimeuona," akasema mjomba. "Nilidhani ni kanisa."

"Watu wanadhani kampuni ilifilisika. Mimi najua. Nilimfuata mpaka Tunduma, hakuna mtu wa jina lile. Nilirudi nikasema ilifilisika. Miaka mitatu nawasalimia watu niliowaingiza, na wananiitikia."

Mama Kalista akauliza polepole, "Magunia kumi na mawili? Wewe uliniambia yaliliwa na dumuzi."

"Ndiyo."

"Kwa hiyo dumuzi niliyemlaani mwaka mzima alikuwa amevaa suruali."

Mjomba alicheka. Sikuwa nimemsikia akicheka tangu tumzike mkewe. Alicheka mpaka akashika mguu wake mbaya, na Mzee Leonardi naye akaanza, wawili wamekaa chini kama watoto wanaocheza bao. Mama Kalista hakucheka. Alikaa karibu na mumewe, akamwambia, "Ungeniambia. Ningekusaidia kuona aibu."

Baadaye sana mjomba akasema, "Wangu alinisalimia kwa Kisukuma."

"Wangu aliimba," akasema Mzee Leonardi.

"Mtu ukikaa miaka unasikia lugha za wengine tu, halafu mmoja akakuita baba kwa lugha yako..." Hakumaliza. Akaingia ndani akaleta karatasi. Hakunipa mimi, alimpa Mzee Leonardi, naye akaisoma kwa sauti, taratibu, mpaka ile Rimbu. Akamrudishia.

"Shamba la shemeji yangu limelala tu," akasema. "Lingeamka mwakani na kukuta ng'ombe wako. Ninyi wawili mngepigana kwa ajili ya mtu anayekunywa chai mjini."

Mjomba akauliza kama Wilibrodi anajua. Mzee akasema bado, na kwamba ni vizuri akimsikia mjomba mwenyewe. Mjomba akasema keshokutwa atakwenda.

Tulipoaga, mjomba alinishika mkono. Hakuniomba radhi, wala sikutaka. Alisema, "Umekonda, mpwa wangu. Jumapili njoo unywe maziwa."

Jumatano, 30 Machi

Mjomba alikwenda jana kwa Wilibrodi na jogoo. Walitembea pamoja mipakani. Vigingi havijang'olewa. Wilibrodi kasema viachwe mpaka Benjamini mwenyewe aje.

Jumapili, 3 Aprili

Pasaka. Nimekula kwa watu wawili. Mzee Leonardi amerudi kwenye pombe. Mama Kalista anasema yeye hakuwahi kuacha maneno, kwa hiyo ameshindwa, kwa hiyo anywe na yeye.

Jumanne, 5 Aprili

Benjamini alikuja kweli, kama saa nne, na baiskeli na mkoba. Tulikuwepo mimi na mjomba. Wilibrodi, Mzee Leonardi na wanaume watatu walikuwa shambani kwa Wilibrodi, wameegemea majembe. Hawakuficha kwamba hawalimi.

Mjomba alimpa maziwa. Akamwita mtoto wa nyumbani. Akasema, "Ng'ombe wako tayari, wanne. Ila mimi mzee, naweza kufa kesho, nataka shahidi. Tuwaswage pamoja mpaka kwa mwenyekiti wa kijiji, unipe hati mbele yake, nami nikupe kamba mbele yake."

"Baba, tulisema ni siri."

"Tulisema. Sasa mimi nimechoka na siri, mguu unaniuma nikiibeba."

Benjamini akasema atakwenda kumleta mkubwa wake kwanza. Akageuka. Wilibrodi alikuwa ameshafika, amekaa kwenye kiti cha nyuma cha baiskeli, mtu mnene, ametulia.

"Nenda kamlete," akasema. "Baiskeli itamngoja. Mtamba akirudi, nayo itarudi."

Mimi nilitaka kumkamata. Kweli nilitaka kumpiga, na nilishachukua fimbo. Mjomba akaniwekea mkono kifuani. Benjamini akamtazama mjomba akamwambia kitu kwa Kisukuma, sauti ya chini, neno la kumwomba. Mjomba akamjibu kwa Kiswahili, ili wote wasikie: "Hiyo lugha usiitumie tena kazini. Ya mama yako hiyo."

Akaondoka kwa miguu kwenye matope, na mkoba wake.

Kisha mjomba akaniambia, "Ulivipigilia wewe, ving'oe wewe." Niling'oa vyote kumi na viwili. Nimerudi navyo, Mama Kalista amevichukua vya kuni.

Jumamosi, 9 Aprili

Mwenyekiti wa kijiji ametoa taarifa polisi. Benjamini hajapatikana.

Jumatano, 13 Aprili

Sharon wa mgahawani amekuja na baba yake kuchukua baiskeli. Wamesikia habari kwa watu wa lori. Wilibrodi hakutaka kuitoa. Mjomba akasema itolewe, mwenye baiskeli naye ameibiwa. Kwa hiyo mtamba amekwenda moja kwa moja. Mjomba aliitazama baiskeli mpaka ikapotea kwenye kona.

Jumapili, 17 Aprili

Mkutano wa kijiji. Mzee Leonardi alisimama kwanza, akawaeleza watu ukweli wa ile mashine ya kusaga. Mmoja akasema walijua muda mrefu, walikuwa wanangoja aseme mwenyewe. Mzee akakaa chini, na Mama Kalista akamtengenezea kola ya shati ingawa haikuwa imekunjika.

Kisha wakazungumza ya mjomba. Wameandika kwenye muhtasari kwamba boma lake, kuanzia kijito mpaka mti wa mzinga, na kaburi likiwemo, ni lake kwa kibali cha kijiji. Wilibrodi amekubali ng'ombe walale kwenye shamba lake baada ya mavuno, apate samadi. Hakikulipwa kitu. Mjomba aliuliza mara mbili anapaswa kulipa nini, wakamwambia alete maziwa siku ya mkutano.

Alhamisi, 28 Aprili

Homa, siku moja. Imechoka nayo.

Jumapili, 1 Mei

Maharage yameanza kukauka. Mvua inakwisha. Mzee Leonardi ameniambia niendelee mpaka mavuno ya ulezi, na kwamba matuta yangu siku hizi hayafanani na makaburi. Nilimshukuru kwa mdomo, na Mama Kalista pia. Akaniuliza kama homa imerudi.

Jumapili, 8 Mei

Jana mjomba aliniomba nimsindikize kwa Nestory, mzee wa kwetu anayekaa saa mbili mbele ya boma, tuliyeswaga naye toka Tabora. Tumesikia Benjamini alionekana kule kabla ya Pasaka. Mjomba alitembea na fimbo, akipumzika kila penye jiwe. Njiani nilikuwa napanga maneno nitakayomwambia Mzee Nestory, namna ya kuanza kwa upole.

Sikuyatumia. Tulipofika, mjomba hakungoja hata maji. Alisema, "Nestory, nimeliwa mtamba mwekundu na mtu aliyenisalimia kwa Kisukuma. Nilimfukuza mpwa wangu kwa ajili yake. Nimekuja kukueleza nilivyokuwa mjinga, hatua kwa hatua, usinikatize."

Akaeleza. Hakuruka kitu, hata lile neno alilonitupia kuhusu kaburi. Mzee Nestory alisikiliza huku ameinama. Mwisho akasema, "Mimi wawili. Na dume."

"Dume?"

"Dume."

"Basi umenishinda," akasema mjomba.

Mkewe Nestory, Mama Bertilla, alilia kidogo ndani, kisha akaleta ugali. Walipokula Mzee Nestory akauliza ni nani mwingine Benjamini alipita kwake. Wakaanza kutaja wazee wa kwetu walio upande ule, ng'ambo ya mto, mmoja mmoja, nani ana ng'ombe, nani ana kaburi. Wakapata watano.

Tumelala huko. Leo alfajiri nilipotoka kunawa nikawakuta wameshavaa, kila mmoja na fimbo yake, wanabishana kama kumpoteza dume ni ujinga mkubwa kuliko kupigiliwa vigingi kwenye shamba la mtu. Nikasema ngojeni nichukue kofia.

Mjomba akasema, "Wewe baki, ng'ombe wa Nestory wanataka kukamuliwa. Hii ni kazi ya wazee."

Nimewatazama wakishuka mtoni polepole, mguu mmoja mbaya na miguu mitatu mizima. Kisha nimechukua kibuyu nikaingia zizini.